Kifutio Changu na Kijitabu cha Sir

Nakumbuka siku moja, enzi magoti yangu yakiwa bado mazima, nilipofuta maandishi ya marehemu kwa mikono yangu hii. Nimeikumbuka leo asubuhi, mwanangu, nilipokuona ukikwangua karatasi ambayo mamako aliibandika kwenye mkebe wako wa unga ulipoondoka nyumbani, eti wenzako wa chumbani wanaucheka mwandiko wake. Weka kisu chini kwanza, unisikilize.

Nilikuwa nikifanya kazi Deira, mtaa wa Dubai, kwa mzee Mmarekani niliyemwita sir. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, na nyumba nzima ilikuwa ya vijitabu. Vilikuwa vya besiboli, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa gongo: vijitabu vilivyouzwa uwanjani siku za fainali za ubingwa, zile za mwanzo mwanzo, kabla sir hajazaliwa. Kuvipata ni kazi. Sir alivitafuta miaka na mikaka, na kila kimoja alikitia kwenye mfuko wake wa plastiki. Mimi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Mtu mzima na karatasi kuukuu!

Siku hiyo rafiki yake, mkusanyaji mwenzake, alikuwa aje saa kumi kuvitazama. Sir alivitoa kwenye mifuko, akavipanga mezani, akaenda kuoga. Nikapita na kitambaa changu. Vyote vilikuwa safi isipokuwa kimoja. Ukurasa wake wa katikati, wenye visanduku vya kuandikia matokeo, ulijaa penseli, herufi na mistari ya ovyo ovyo. Nikamwonea sir aibu. Unatujua sisi watu wa usafi; doa la mwajiri ni doa letu. Nikachukua kifutio, nikafuta taratibu, nikapuliza, nikajipongeza.

"Nani amefuta hapa?" sir aliuliza alipotoka.

"Ni mimi, sir. Sasa kinapendeza."

Aliketi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanieleza kwamba watazamaji wa zamani walivijaza visanduku vile wenyewe, mchezo ukiendelea. Hiki kilijazwa na mama yake akiwa msichana, siku babake alipompeleka uwanjani. Mama huyo alifariki sir akiwa mtoto, bado hajui kusoma.

"Sina hata barua yake moja, Mwikali. Nilikuwa na ukurasa huu tu."

Nililia, mwanangu. Nikasema khalas, yameisha, nitafungasha, ninastahili. Nikamwomba penseli nijaribu kurudishia. Akakataa. "Huo utakuwa mkono wako," alisema. Akampigia rafiki yake simu asije.

Baadaye akakipeleka kijitabu dirishani, akakiinamisha juani, akaniita. Kumbe yule msichana alikuwa akikandamiza penseli kwa nguvu, na alama zake zilibaki zimezama kwenye karatasi. "Lete kidole," akasema. Tukapapasa pamoja, mstari kwa mstari, hadi tukafika kwenye kisanduku ambacho karatasi ilikaribia kutoboka. Sir hakuwahi kulijua hilo. Miaka yote alikuwa akitazama tu, bila kugusa.

"Hapa timu yake ilipata pointi," akasema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Mama alifurahi."

Hakunifukuza. Nilimfanyia kazi hadi aliporudi kwao. Lakini usije ukadhani mambo yaliisha vizuri; penseli haikurudi, na yeye akawa akimsoma mamake kwa kidole mpaka mwisho.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikuta alama kwenye kitu cha mtu, uliza kabla hujaifuta, hata kama moyo wako ni mweupe. Na kilicho chako usikisafishe kwa sababu ya kicheko cha watu. Mamako aliacha shule mapema, tunajua. Herufi zake zimepinda, na kalamu imezama kwenye karatasi mpaka upande wa pili. Pitisha kidole uone.

Mungu aibariki mikono yako katika kazi unayoianza kesho, na ailinde ile iliyoandika hapo, hadi mtakapokumbatiana tena. Haya, lete gundi, tuirudishe hiyo pembe uliyoikwangua.