Rangi Iliyobanduka Mlangoni

Mimi ndiye fundi mkuu wa karakana ndogo ya milango ya alumini hapa Kakamega. Nimezoea kuwahubiria wenzangu kwamba dawa ya silani, inayopakwa kabla ya rangi, hushika alumini upande mmoja na rangi upande wa pili, mradi alumini iwe safi, isiwe na mafuta hata kidogo.

Mlango wa kanisa ulipobanduka rangi, nilimlaumu Nekesa, mwenzangu wa karakana aliyeuosha kabla ya kupakwa dawa, mbele ya mchungaji.

Nekesa aliugeuza mlango kwenye mwanga. Palipobanduka palikuwa na umbo la kiganja kikubwa.

“Hebu weka mkono wako hapo, fundi,” akaniambia taratibu.

Nikakumbuka nilivyoupapasa mlango baada ya kuoshwa, nikiusifu, mikono yangu iking’aa mafuta ya kujipaka.

Mchungaji alikuwa akingoja. Nikaweka mkono. Ukaenea sawasawa.