Jani la Mgongoni

Yule mama anayepaka wino hulamba ncha ya brashi kabla ya kila mstari, ndiyo maana midomo yake imekuwa myeusi tangu vita vianze. Mimi huandika maneno ya wahusika kwenye meza ya pili, hapa Toronto, na nimezoea kumsikia akimnong'oneza shujaa wetu, "Simama wima, mwanangu," anapomchorea kifuani jani lililo alama ya nchi yetu. Jani hilo huliacha jeupe. Vitabu vyetu vya katuni havina rangi, kwa hiyo watoto hulijaza wenyewe kwa penseli nyekundu.

Vita vilipokwisha, katuni za Wamarekani, zilizokuwa zimezuiwa wakati wa vita, zikarudi madukani na rangi zao zote. Bwana Haldane, mwenye kampuni, akaja kuinamia meza ya yule mama.

"Mama, hilo jani kifuani litoe. Weka nyota ya Kimarekani, la sivyo hatuuzi kitu."

"Kifuani?"

"Kifuani."

"Haya, bosi."

Akalamba brashi. Katika toleo lile shujaa alipigana, akaogelea, hata supu akainywa akiwa amempa msomaji mgongo, na mgongoni jani kubwa jeupe likingoja penseli.

"Nyota iko wapi?" bosi akafoka.

"Kifuani, kama ulivyosema," akajibu bila kuinua kichwa. "Mgeuze uione."