Kabla Tamthilia Haijarushwa

Ipo siku ninayoikumbuka, mwanangu Rehema, na nilikuwa nimeshaanza kuipumzisha kichwani mpaka wewe na yule mwenye tamthilia unayoihakiki mlipokuja kuniamshia. Jumatatu uliingia hapa kwangu Mlandizi, hata shikamoo hukuimaliza, ukaanza: "Shangazi, yule jamaa kanizingua! Kanitoa kwenye grupu, hanitumii tena sehemu mpya. Mimi mhakiki, ni haki yangu kuziona mapema!" Alhamisi akaja yeye mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, ananishtakia kwamba uliianika siri ya tamthilia yake kwenye ukurasa wako kabla haijaonyeshwa, na kwamba kuanzia sasa atawapa mapema wale wanaomsifu tu.

Mnanichosha. Nawaambia kweli, mnanichosha. Simu mnazo, mitandao mnayo, shule mmesoma, na bado mnagombania jambo lile lile lililotutoa machozi wakati televisheni moja ya kijiji kizima inaendeshwa kwa jenereta. Sasa kaa. Weka hiyo simu chini. Kifudifudi, ndiyo.

Ujanani nilikuwa nafanya kazi kwenye kikundi kidogo cha kurekodi tamthilia pale Kibaha. Mkubwa wetu aliitwa Gervas, kijana wa bara, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa hasira. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kilichopigwa picha, nani kavaa nini, nani kasimama wapi, ili kesho yake mtu asije akaingia na kanga nyingine. Na sehemu mpya ikikamilika, mimi ndiye niliyebeba kanda na kuwapelekea wahakiki waitazame kabla haijarushwa. Tulitaka wapate muda wa kufikiri. Ukimpa mtu muda, hata akikusema, anakusema kwa maana.

Mhakiki aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Nurdini. Alikuwa na kipindi cha asubuhi redioni, na sauti tamu ya kumtoa nyoka pangoni. Hakuwa mtu mbaya. Ila ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa hauna hata gegedu.

Mwaka ule tulikuwa tunarekodi kule Marui, Kisarawe. Tulimpata mama mmoja mkulima, Bi Chausiku, ambaye hakuwahi kuigiza maishani mwake, lakini akikaa mbele ya kamera unasahau kama kuna kamera. Alicheza kama mama mkwe asiyempenda mke wa mwanawe wa kulea. Mwishoni mwa sehemu moja ilikuja kujulikana kwamba yule mke ni binti yake mwenyewe wa kumzaa, aliyempoteza angali mchanga. Bi Chausiku aliitunza siri hiyo miezi kadhaa. Mume wake alimbembeleza, akakataa. Mwanawe alimbembeleza, akakataa. Hata mkwewe wa kweli, Zuhura, aliyekuwa mjamzito na wakipendana kama mtu na shoga yake, alipomuuliza alimwambia, "Utaona na wenzio. Nataka nikutazame uso wako siku hiyo."

Siku ya kurushwa, kijiji kilijiandaa. Kulikuwa na televisheni moja, ya mwenye duka, na jenereta yake. Mikeka ilitandikwa tangu mchana. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, Nurdini akafungua kipindi chake: "Wasikilizaji, leo mtalia! Kumbe yule mkwe ni mwanawe wa kumzaa!"

Basi. Likawa limekwisha hapo.

Nilikuwepo Marui jioni ile. Watu walikuja wachache, na waliokuja walikaa wakisemezana mambo ya mbolea. Bi Chausiku alipotokea kwenye kioo akaushika mkono wa binti yake na kulitambua kovu lake la uchangani, pale ambapo sisi tuliorekodi tulilia mpaka mpiga picha akashindwa kushika kamera, kijana mmoja nyuma alipiga miayo akasema, "Tushasikia redioni." Wengine wakacheka. Nilimtazama Bi Chausiku. Alimtazama Zuhura, na Zuhura, maskini, alijitahidi kushangaa. Unajua mtu anavyojitahidi kushangaa, mwanangu? Ni vibaya kuliko kutoshangaa kabisa.

Mwenye duka naye akapiga hesabu zake. Akasema hawezi kuchoma dizeli kuwaonyesha watu jambo ambalo redio inawasimulia bure. Tangu siku hiyo jenereta ikanyamaza, na Marui ikawa inaijua tamthilia yake yenyewe kupitia mdomo wa Nurdini.

Gervas alipopata habari alipasuka. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza! Hakuna mhakiki atakayeona kanda yangu tena. Wasubiri kama watu wengine!" Nurdini alikuja kuomba radhi mpaka mlangoni, Gervas akamfungia nje. Nikamwambia, "Kaka Gervas, mpe sharti, usimpe mgongo." Akaniambia niandike kanga, niache mengine. Hasira hasara, lakini mwenye hasira huiona hasara ya mwenzake tu.

Sehemu iliyofuata ikarushwa bila mhakiki yeyote kuiona. Katikati yake, mama mkwe anapewa dawa na jirani mwenye husuda, aitie kwenye uji wa yule mke. Anaipokea. Anaukoroga uji. Halafu, kwenye nusu ya pili, anasimama jikoni, anaumwaga ule uji wote nje na kumfukuza jirani; kumbe alikuwa akimtega. Ndiyo ilikuwa maana yote ya sehemu ile.

Nurdini aliitazama kwake Kibaha, kama watu wengine, kama alivyoamriwa. Dawa ilipokorogwa tu, umeme ukakatika. Alimpigia Gervas simu alfajiri: "Kaka, nipe kanda nimalizie, nina kipindi asubuhi." Gervas akamjibu, "Si umezoea kusimulia? Simulia." Akakata simu.

Na Nurdini akasimulia! Hapo ndipo mpaka leo nataka kumkamata masikio. Angeweza kusema, "Wasikilizaji, sikuiona yote." Maneno hayo yangemgharimu nini? Lakini aliona aibu mhakiki mkubwa kukosa la kusema, akajaza mwenyewe. Akatangaza kwamba tamthilia imekuwa chafu, inafundisha kina mama kuwawekea wakwe zao sumu, na kwamba yule mama wa Marui anaukoroga uji "kama mtu mwenye uzoefu."

Kama mtu mwenye uzoefu. Alidhani anamsifu kwa uigizaji.

Sasa wewe niambie, kijiji kisichokuwa na picha, chenye redio tu, kitasikia nini hapo? Kwanza walinong'ona. Halafu wakaacha kununua mihogo yake. Halafu habari ikavuka mpaka Dutumi, kwa wazazi wa Zuhura. Baba yake hakuuliza tamthilia wala nini. Alipanda pikipiki akaja kumchukua binti yake na mimba yake, kwamba hawezi kumwacha ale kwenye nyumba ile. Zuhura alilia, akasema Mama hana neno, lakini baba mtu alikuwa keshafunga mzigo.

Wiki hiyo hiyo Bi Chausiku alifika ofisini kwetu Kibaha. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa utaratibu, kama mtu aliyekuja kununua chumvi, akaniuliza yaliyotokea, nikamweleza yote. Akamwambia Gervas, "Niitie yule wa redio." Gervas akaanza kueleza kwamba yeye na yule wa redio hawazungumzi. "Sikukuuliza kama mnazungumza. Niitie."

Nurdini akaja. Wakasimama wote wawili, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Naye akawaambia maneno ambayo sijayasahau:

"Wewe Nurdini ulionjeshwa mchuzi ili useme kama chumvi imekolea. Ukatoka nje na mwiko, ukawagawia wapita njia, wageni wakakuta sufuria tupu. Na wewe Gervas, kwa kuwa mmoja kamwaga mchuzi, ukafunga jiko. Halafu aliyefungiwa nje akasikia harufu tu, akaenda kutangaza kwamba ndani kunapikwa sumu. Mnagombana nyinyi, anayebomokewa na nyumba mimi. Mkwe wangu yuko Dutumi. Nani kati yenu atanirudishia?"

Gervas akasema, "Mama, huyu ndiye..."

"Nyamaza. Alikupigia simu alfajiri, hakukupigia?"

Kisha akamgeukia Nurdini.

"Na wewe. Hukuiona yote, ukasema umeiona. Hata mtoto akitumwa dukani akakuta pamefungwa, anarudi anasema pamefungwa."

Nurdini akapiga magoti pale pale sakafuni. Bi Chausiku akamwambia ainuke, magoti hayampeleki mtu Dutumi.

Siku iliyofuata tulikodi gari, tukapakia televisheni, deki na betri, tukaenda Dutumi wote. Gervas na Nurdini walikaa kiti kimoja bila kusemezana njia nzima. Baba yake Zuhura alitupokea kwa uso wa jiwe, lakini mgeni ni mgeni, akatuwekea mkeka. Tukaiweka kanda. Ulipofika ule uji, nilimsikia mzee akivuta pumzi. Kisha Bi Chausiku wa kwenye kioo akaumwaga uji nje, akapiga kelele, "Mwanangu hali sumu mimi nikiwa hai!"

Na Nurdini, aliyekuwa akiuona mwisho ule kwa mara ya kwanza, alilia kama mtoto mbele ya wenyeji. Kesho yake alisema yote redioni: kwamba hakuiona yote, kwamba alijaza, kwamba amemkosea mama wa watu. Sikuwahi kusikia mhakiki akisema hivyo tena. Gervas naye akarudisha kanda kwa wahakiki, kwa sharti la kuufunga mdomo mpaka irushwe, na Nurdini hakulivunja hata mara moja. Alimkosoa Gervas sana, tena kwa haki, na Gervas alinuna sana, ila kanda aliendelea kumpa.

Unataka nikwambie kwamba mambo yakaisha vizuri. Yaliisha nusu. Mzee wa Dutumi aliomba radhi, lakini mimba ilikuwa imekua na barabara mbaya, akasema binti ajifungulie kwao. Zuhura alirudi Marui mtoto ameshaanza kukaa. Bi Chausiku hakumwogesha mjukuu wake wa kwanza, hakuwepo alipopewa jina. Aliimaliza tamthilia yetu kwa sababu alikuwa ameahidi, kisha hakuigiza tena, na mimi sijaona tena uso kama ule mbele ya kamera.

Sasa, mwanangu, sikiliza, na ukamwambie na mwenzio mwenye ndevu. Mhakiki apewe sehemu mpya mapema, na apewe yote, kwa muda wa kutosha kuitazama na kuitafakari. Anayemnyima anajitafutia uhakiki wa haraka, na haraka haina baraka. Lakini hiyo si haki yako, Rehema. Ni amana. Ukishaiona, mwambie mtu kama chakula kimeiva, usimtafunie. Ile mara ya kwanza ya kushtuka ni ya mtazamaji, haina marudio, na hukupewa wewe uigawe. Ambacho hukukiona, sema hukukiona. Watu watakucheka siku moja, basi. Na yeye anayetaka kuwapa wenye sifa tu, mwambie mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Amana isiwe hongo. Akikupa mapema, usimlipe kwa sifa za ulimi wako. Kikiwa kibovu kiseme kibovu, kwa adabu, na yeye avumilie kama mwanaume.

Kesho nenda ukamwombe radhi. Usiniambie yeye aanze. Futa ile siri uliyoianika, kisha useme mbele ya hao wafuasi wako kwamba ulikosea.

Mungu akupe jicho linaloona mpaka mwisho na mdomo unaojua kungoja. Kazi ya mikono yako isimwage machozi ya mama yeyote, na nyumba utakayoisemea ibaki na watu wake. Amina. Haya, inuka uende, maana nimechoka na nyinyi.