Nahodha wetu wa chama tawala alivyokalia jembe kwenye msiba wa mama yangu

Wakuu, nawasalimu wote, mnaosoma hadi mwisho na nyie mnaoshuka moja kwa moja kwenye komenti.

Nimeona humu watu wanablokiana kisa vyama. Juzi jamaa mmoja kaandika hawezi kula meza moja na mfanyakazi mwenzake wa chama kile. Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kuna nini. Ndiyo nikaamua niandike.

Haya nimeyaishi mwenyewe. Chumvi sijaweka, na watu wa Kibiti na Ikwiriri wa umri wangu wapo humu, nikiteleza watanisuta.

Turudi nyuma, miaka ile soko huria limeingia, mitumba imejaa minadani na vyama vingi ndiyo vimeruhusiwa.

Daraja la Rufiji halikuwepo. Ukitoka Dar kwenda Lindi, ukifika mtoni unapanda pantoni. Basi linaingia taratibu, abiria wanasimama pembeni, tunavuka. Mto ukifurika, watu wanalala ng'ambo na kuku wao.

Mimi kazi yangu ilikuwa kamba na magari. Kuyapanga, kuweka gogo nyuma ya tairi, kufunga kamba tukifika. Nahodha alikuwa Bakari.

Bakari Mndengereko wa bondeni. Mimi Mmatumbi, wazee wangu walishuka kutoka milimani wakaja kulima mpunga Chumbi. Kwa hiyo mimi na Bakari tukawa watani tangu siku ya kwanza kazini, kabla hata hatujajuana vizuri.

Kwa vijana msiojua: mtani si mtu wa kukuchekesha tu. Huyo ana ruhusa ya kukusema mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako, na huna pa kushtaki. Ila ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe mbele, na anafanya vituko hadi wafiwa mcheke mkiwa na machozi. Msiba usio na mtani unakuwa mzito mno.

Basi pale kwenye pantoni ilikuwa raha. Bakari atawaambia abiria, "Mwangalieni huyu, kashuka mlimani kwa harufu ya wali." Mimi namjibu kwamba kwao wanalala juu ya dungu, kibanda cha miti shambani, kama kuku, wanaogopa kupanda hata kichuguu.

Mama yangu ndiye aliyemdekeza. Kwa utani wao alimwita "mume wangu". Nikitoka Chumbi kurudi kazini lazima nibebe bakuli la wali wa nazi na kambale, na maagizo kwamba ni la mume wake, mimi nisilifunue. Jamani, mama mzazi.

Sasa vyama vikaja.

Bakari alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, kama baba yake kabla yake. Chama kwake kilikuwa urithi. Mimi nikaingia mageuzi, na sikuingia kimyakimya, nilikuwa na bendera, kofia na mdomo.

Mwanzoni tuliendeleza utani hukohuko. Yeye anasema, "Pantoni hii unayoringia kaileta nani? Chama." Mimi najibu, "Na daraja kalisahau nani?" Abiria wanacheka, wengine wanatuchochea, tunafika ng'ambo hakuna aliyekasirika.

Kampeni zilipopamba moto, mambo yakabadilika. Sijui kwenu, ila kwetu watu walianza kususiana. Duka la fulani halinunuliwi, harusi ya fulani haichezwi. Na kilichoniuma zaidi, misiba. Palikuwa na mzee wa upande wetu alizikwa na watu wachache, majirani wamekaa barazani kwao wanatazama.

Siku moja katibu wa tawi alivuka na sisi. Akatukuta tunataniana kama kawaida. Hakucheka. Tulipofika akamwita Bakari pembeni, lakini sauti hakuipunguza, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Mjumbe, huwezi kuwa huku na huku. Ukionekana tena na hawa watu, iwe kazini, iwe harusini, iwe msibani, ujumbe tunampa mwingine."

Bakari alisimama pale na kofia yake mkononi. Ujumbe ule ulikuwa wa baba yake, nimeshawaambia. Akasema, "Nimesikia."

Tangu siku hiyo hakunisemesha.

Wakuu, pantoni haiendeshwi na watu walionuniana. Nahodha na mtu wa kamba lazima waongee. Tukawa tunafanya kazi kwa kengele na kupunga mikono. Abiria waliotuzoea wanauliza, "Vipi leo, redio imekufa?" Mimi nakaza kamba, yeye anapiga kengele.

Lakini kuna kitu nilikiona. Bakari alikuwa na kawaida ya kununua mihogo ya kuchoma pale gatini, tunagawana. Aliponinunia, fungu langu liliendelea kukutwa juu ya sanduku la kamba, limefunikwa na gazeti. Hasemi kitu, haniangalii. Nakula. Na mimi nikitoka Chumbi bakuli la mama naliweka mlangoni kwa nahodha, naondoka.

Mama aliniuliza, "Mume wangu mbona haniletei matusi siku hizi?" Nikamwambia siasa, mama. Akasema, "Siasa ndiyo itakayonizika?"

Nikachukua bakuli lake nikatoka. Nami nilikuwa najiuliza hilohilo.

Haikupita muda, utingo wa basi la kutoka kusini akashuka gatini akaniita kwa jina. Nikajua kabla hajasema. Mama hakuamka asubuhi ile.

Nilichukua kofia yangu nikapanda lori lililokuwa linaondoka. Bakari alikuwa usukani, amegeukia mtoni. Hakugeuka. Nitasema ukweli, njia nzima nilimlilia mama na kumchukia Bakari kwa zamu.

Chumbi watu walikuja, ila nilikuwa nahesabu sura ambazo hazipo. Wenzangu wa mageuzi walifika. Wa upande wa pili, wachache, tena wamekaa kwa nyuma. Kaburi likaanza kuchimbwa. Kila mtu anamtazama mwenzake kavaa kofia gani.

Mara mjomba, kaka yake mama, akaja ananiuliza, "Jembe umelipeleka wapi?"

Jembe gani? Waliokuwa wanachimba walisogea kunywa maji, wakirudi jembe hakuna. Tunatafuta, tunasikia kilio kutoka upande wa makaburini. Kilio cha mwanamume, kirefu, cha vituko.

"Mke wangu weee! Umeniacha na nani? Nani atanipikia kambale? Huyu Mmatumbi wako hata chai hajui!"

Bakari.

Amevaa fulana ya chama chake, kichwani amejifunga kanga ya mama aliyoiiba kwenye kamba ya kuanikia. Amekalia jembe pembeni ya kaburi, miguu ameinyoosha.

Mjomba akamwambia, "Mtani, tupe jembe, jua linakwenda."

"Sitoi. Mie nimefiwa na mke. Jembe hili litakombolewa."

"Unataka nini?"

Akaninyooshea kidole. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ya katibu. "Nataka huyu mwanangu wa kambo aseme chama changu oyee. Aseme watu wote wasikie. Asiposema, ntakaa hapa mpaka uchaguzi mwingine."

Watu waliangua kicheko. Wa mageuzi walicheka, wa chama tawala kule nyuma wakasimama wakasogea kuona. Mjomba alishika tumbo. Mimi nilikuwa sijalia mbele za watu, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo.

Nikasema. Nilitaja chama chao, nikasema oyee, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Bakari akainuka, akavua kanga akaikunja vizuri, akaanza kuchimba. Alichimba kuliko wote. Wakimpokea, anakataa. Jasho lilimchuruzika usoni, na mengine nayajua hayakuwa jasho. Wale wa nyuma nao wakaingia kwenye zamu za kuchimba, na makofia yote yakawekwa chini lundo moja. Mama akazikwa na watu.

Katibu alimwita, kama mlivyotarajia. Bakari ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunavuka, mdomo umerudi kazini.

"Nikamwambia, msiba wa mpinzani sikwenda mie. Nimekwenda kwa watani zangu. Na nimerudi na mpinzani aliyesema chama oyee mbele ya kijiji kizima. Wewe kwenye mikutano yako umempata nani?"

Katibu naye ana watani zake. Alikuna kichwa, ujumbe ukabaki palepale.

Miaka ikaenda. Daraja likajengwa. Bakari akanifuata hadi nyumbani kunicheka: "Umeliona daraja? Nani kasahau?" Nikamwambia nimeliona, na kazi huna. Tukacheka wote wawili tuliokosa kazi. Kura hatukuwahi kupiga upande mmoja, hata mara moja.

Mwaka jana Bakari katangulia mbele ya haki.

Nilifika kwao Kibiti mapema, nikaiba jembe, nikalikalia. Wanawe walikuwa wanasubiri, wanajua zamu ni yangu. Mkubwa akasema, "Haya baba, taja. Tuseme mageuzi oyee?" Walikuwa tayari kusema.

Nikafungua mdomo nidai. Nikajikuta nimesema mwenyewe, bila kuombwa na mtu, chama cha Bakari oyee. Mara ya pili na ya mwisho maishani mwangu. Nikawapa jembe lao.

Nilichojifunza, wakuu: mwenzako wa kazini usimpime kwa kura yake. Mpime kama atakuja ukifiwa, na kama ni wa kuja, mtafutie na wewe njia ya kuja.

Haya, tiririkeni. Ofisini kwenu nani atakalia jembe lako? Na wale wa chama cha Bakari, msinikoti ile oyee kama ushahidi. Ilikuwa ya kukombolea jembe.