Ramani Aliyoichagua Wifi Yangu

Niite mwongo ukitaka, lakini nilikuwemo ndani ya gari lile.

Wifi yangu Birgit alikuja kutoka Denmark mwaka mmoja baada ya kumzika kaka yangu Naftali, mumewe. Alikodi gari aendeshe mwenyewe mpaka kaburini, nyumbani kwetu magharibi ya Mlima Meru. Kifaa chake cha satelaiti cha kuonyesha njia hakikuwa na njia zetu za vumbi, basi tukasimama mtaa wa Sakina, kwenye duka lililouza simu na kuweka ramani. Enzi zile vitu vya nje vilikuwa vimejaa madukani.

Muuzaji alimpendekezea ramani mpya. Mwanamume mwembamba, kucha zimejaa udongo mbichi, akamwinamia begani, akanong'ona.

"Chukua ya zamani, mama. Hiyo mpya haifiki nyumbani."

Birgit akachukua ya zamani. Mimi uso wake sikuuona, nikadhani ni mtu wa dukani.

Tulipoiacha lami, ukungu ukashuka, na saa tisa mchana ilikuwa haijafika. Sauti ya kike ya kifaa ikakatika. Ikaja ya kiume, kwa Kidenishi. Sijui Kidenishi, lakini sauti ya kaka yangu ningeikosaje?

Birgit alikuwa analia huku anacheka. Akaligeuza gari mkono wa kulia.

"Wifi, simama! Kwetu ni kushoto!"

"Anasema tumekaribia," akanijibu, akakanyaga mafuta.

Ndipo sauti ikanigeukia kwa Kiswahili: "Dada, wewe shuka. Sijakuita."

Mlango wangu ukafunguka wenyewe. Nilianguka kwenye majani, nikasikia gari likiporomoka korongoni.

Unafikiri alikufa? Afadhali angekufa. Alivunjika uti wa mgongo. Siku hizi amelala kitandani kwao Denmark, kifaa kifuani, akimbembeleza mumewe aseme neno. Hajasema hata moja.

Nilirudi Sakina kumuulizia yule mwembamba. Muuzaji akashangaa.

"Si mlikuja naye? Alishuka kutoka kiti cha nyuma cha gari lenu."

Mimi ndiye ninayemsikia kaka yangu. Kila nikipanda gari, liwe la nani, anauliza polepole, kwa upole uleule wa utotoni: "Dada, mbona hujamleta?"

Kwa hiyo nakuonya. Ukiwa na mgeni mwenye msiba, mwonyeshe njia wewe mwenyewe. Na akitokea mtu akamshauri ramani, kwanza muulize mwenye duka ameingia na nani.