Mama Mkwe wa Maonyesho

Nimetembea sana, Karatu mpaka Wasso, na nimelala kwa watu wa kila namna. Lakini kinyaa nilichokiona kijijini Daa, kwa Lukresia, bado kimenikwama kooni.

Lukresia ni mjane. Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Akioa, bibi harusi anakaa kwanza nyumba ya mama, wanapika kwa moto mmoja mpaka wazoeane. Inosenti, kitindamimba wake, alipomwoa Hyasinta, mama alimwekea mkwe samli na kitanda cha karibu na moto. Hyasinta akasema hawezi moshi. Haya, ndiyo siku hizi, sikuona neno. Wakajenga nyumba ya bati pale pembeni.

Halafu Inosenti akaanza kuleta watalii waione ile nyumba ya mama ya tembe. Akamhamishia mama stoo, kwa kuku, ati wageni wasikute matambara yake. Mama mzazi, jamani!

Siku niliyopita hapo, gari la watalii limesimama uani. Ndani, Hyasinta yule wa kukataa moshi kavaa ngozi, anachochea moto na kumwita Lukresia, aliyetolewa stoo kwa ajili ya wageni, "mama yangu" kwa sauti ya asali. Inosenti anaeleza: "Mila yetu, mkwe analala humu na mama. Hawatengani kabisa."

Nikatoka nje kutema mate, nikarudi.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza kupitia kwa dereva wao, "Kitanda cha bibi ni kipi?"

Inosenti akaonyesha. Lukresia akainuka. "Mwongo we! Njooni."

Akawapeleka stoo, akafungua. Kuku wakatoka mbio. Blanketi lake liko juu ya magunia, limejaa mavi ya kuku.

"Bibi anapenda utani," Inosenti akacheka. Alicheka peke yake.

Gari lilipoondoka, Hyasinta akaivua ile ngozi, akaitupa kando kama gunia. Lukresia akaniita, "Baba Isaya, nisaidie blanketi hili tulianike."

"Mama, kesho kuna wageni wengine!" Inosenti akalia.

"Waje. Watanikuta nimelala kwangu. Na mkeo akitaka kuwa mkwe wangu, aje na blanketi lake."

Nilipoaga, jua bado kali, Lukresia alikuwa amejinyoosha kitandani karibu na moto. Chini yake ametandika ile ngozi ya Hyasinta.