Mtoto wa Kwanza Yuko Nje

Nina miaka hamsini na miwili. Naanza na umri kwa sababu watu wote walioishika faili yangu walianza na umri, na afadhali niutaje mwenyewe kabla hamjauhesabu kwa vidole. Mume wangu ana thelathini na mmoja. Sikumroga. Wala yeye hakunifuata kwa ajili ya nyumba, maana nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule, na mashine yangu ya kushona imekalia nusu ya sebule hiyo, hapa Butembo.

Tulikutana kwa sababu ya suruali. Yeye ni mwuguzi, mtoto wa Beni, na wakati wa Ebola alikuwa akifanya kazi ndani ya yale mahema ya wagonjwa, kutwa nzima amevaa mavazi ya mpira. Alikonda hadi nguo zikamkataa. Aliniletea suruali tatu nizipunguze kiuno. Nilimpima, nikamtazama usoni, nikamwambia, "Kula kwanza. Nikikata hizi pantalon leo, ukinenepa utakuja kunisumbua." Nikampakulia viazi vya Musienene na maharagwe. Kesho yake alirudi, na hakuwa na nguo yoyote ya kushona.

Nilikuwa mjane, mama wa watoto wanne. Nilimfukuza kwa maneno, nikamfukuza kwa kumpandishia bei, akawa analipa. Ilichukua miaka mitatu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtaa wetu una masikio. Kanisani tuliitwa mbele ya wazee wa kamati. Mmoja alimwuliza mume wangu, "Wewe unatafuta bibi wa kuoa ao mama?" Akajibu kwa adabu kwamba mama anaye, yuko Beni, mzima, na anamsalimia mzee. Niliinamisha kichwa ili wasinione nikicheka.

Wajomba zangu walisema kwa mjane mwenye wajukuu mlangoni nusu ya mbuzi wa mahari inatosha. Mume wangu alikataa nusu. Alileta mbuzi wote kama wanavyoletwa kwa msichana, na walipita katikati ya mtaa mchana kweupe wakilia, na mimi nilisimama mlangoni watu wanione. Niliona fahari, sifichi.

Mtu mmoja hakuja siku hiyo. Mwanangu wa kwanza. Yeye na mume wangu walizaliwa mwaka mmoja, mwanangu akiwa mkubwa kwa miezi minne. Aliniambia, "Mama, ule ni mutu wa kucheza naye ballon. Nitamuita papa namna gani?" Kwa miaka miwili alikuwa akifika nyumbani, anasalimia ukuta, anaweka chumvi na sabuni alizoniletea, anaondoka. Halafu akaanguka na pikipiki, mguu ukachanika vibaya. Mume wangu alimfunga kidonda kila asubuhi kwa wiki sita. Hawakuwa na mazungumzo zaidi ya "inua" na "shusha". Baada ya hapo mwanangu alianza kumwita "infirmier", yaani mwuguzi, na mimi nikashukuru hata kwa hilo.

Kisha mume wangu akapata kazi hospitalini katika nchi ya baridi. Nchi sitaitaja. Alitangulia, na kwa sheria ya huko nilikuwa na haki ya kumfuata kama mke. Haki hiyo inaombwa kwa karatasi. Ndipo nilipojua kwamba mzee akioa msichana wa miaka ishirini watu wanamletea zawadi, ila mama akiolewa na kijana anatakiwa kuleta ushahidi.

Karibu na duka moja la fotokopi kuna mtu mwenye kompyuta ambaye mji mzima unamwita mtaalamu wa visa, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wa Kasindi. Mwanangu alinipeleka kwake kwa pikipiki na kubaki amesimama mlangoni. Mtaalamu alisoma pasipoti yangu, akasoma nakala ya ile ya mume wangu, akavua kofia.

"Mama, hii miaka ni mingi. Tutoshe kumi, tuiondoe. Tunaenda ku tribunal, banatupatia jugement supplétif, karatasi ya korti ya kuzaliwa, donc unazaliwa upya. Batu bote banafanya vile."

"Mutoto wangu wa kwanza iko na makumi tatu na moja," nilimwambia. "Nilimuzaa na miaka kumi na moja?"

Alipiga hesabu kwenye simu. "Ule tunamutosha. Ao tunamuandika leki yako, ndugu yako mudogo. Tena na ile age yake, sawa na ya bwana yako, bakimuona tu, dossier yako, ile faili, imekufa."

"Na wa pili?"

"Wa pili inapita. Kumi na saba, inapita."

Nilisimama. Nilimwambia aandike miaka yangu yote, hakuna hata mmoja niliopewa bure, na watoto wangu aandike wanne kama nilivyowazaa. Alitikisa kichwa namna watu wanavyomtikisia kichwa mgonjwa anayekataa dawa. Nilipotoka, mwanangu alikuwa amesikia yote. Aliwasha pikipiki.

Karatasi iliyobaki ilikuwa ile ya commune, ofisi ya serikali ya mtaa, inayoorodhesha watu wa nyumba: mzazi, kisha watoto mmoja baada ya mwingine. Mwanangu alijitolea. "Kaa na mashini yako, mama. Mi naenda ku bureau." Alirudi na bahasha. Ndani kulikuwa na Kifaransa kingi na muhuri wa bluu, na mimi nikiona muhuri huwa naridhika. Sikusoma majina. Hilo ni kosa langu, na nimejilaumu vya kutosha.

Mahojiano yalifanyika Beni, katika chumba cha kukodi chenye skrini ukutani, kwa kuwa afisa mwenyewe alikuwa mji mwingine mbali. Mwanangu alinipeleka. Tuliondoka Butembo alfajiri, tukashuka mlima wa Kabasha, tukasimama kwenye vizuizi vya askari, tukafika tumejaa vumbi. Nilibadilisha libaya, blauzi yangu, chooni. Yeye alibaki nje, upande wa dirisha, akiifuta pikipiki kwa kitambaa.

Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani, mdogo, pengine mdogo kuliko mwanangu. Mkalimani alikuwa sauti tu, hana uso. Aliponisalimia nilijua ni mtu wetu, wa upande wa Luofu au karibu na huko, kwa namna alivyoyavuta maneno. Nilifurahi mapema mno.

Waliuliza mume wangu hulala upande gani, hula nini, nani alitamka mapenzi kwanza. Waliuliza kwa nini kwenye picha za arusi hatushikani mikono wala hatucheki. Nilisema mbele ya wajomba zangu na kamati ya kanisa, nani ashikwe? Mkalimani alikohoa kidogo kabla ya kutafsiri. Nilianza kuona mambo yanaenda vizuri.

Kisha afisa akainua karatasi ya commune mbele ya kamera. Mkalimani akasema, "Mama, anasema uko na batoto batatu."

"Bane," nilisema.

"Hapa banaandika batatu."

Alinisomea majina, na kabla hajamaliza la kwanza nilikuwa nimeelewa kila kitu. Kwetu Wanande jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Mwana wa kwanza ana majina yake, wa pili yake, wa tatu yake, na mabinti vivyo hivyo. Huwezi kulihamisha jina kama unavyohamisha kiti. Orodha yangu ilianza na jina la mwana wa pili. Mwanangu alikwenda kwenye ile ofisi, akamkuta karani aliyeletwa kutoka jimbo jingine, asiyejua majina yetu yanahesabu, akajifuta mwenyewe. Karani hakujua, na mwanangu alisahau. Jina ulilozaliwa nalo hulioni tena kama hesabu. Ni Mnande tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, na ni Mnande tu anayeweza kuligundua, na huyo Mnande alikuwa kwenye laini.

Mkalimani alilirudia lile jina la kwanza. Sidhani alitaka kuniumiza. Lakini alikuwa ameapa kutafsiri, na afisa alikwisha kuona kuna jambo, akamwuliza. Nilisikia anaeleza kwa lugha yao, taratibu. Afisa alivua miwani. Uso wake ukalainika, na mkalimani akaniletea maneno yake.

"Mama, anasema pole sana. Anauliza, ule wa kwanza alikufa?"

Mlango ulikuwa wazi. Wala sikuhitaji kusema kitu. Ningeinamisha kichwa tu, kama mama mwenye msiba, na yule binti mwenye miwani angeandika neno moja na kugeuza ukurasa. Karatasi zingelingana. Mume wangu angekuja kunipokea uwanja wa ndege na koti zito mkononi. Namtaka mume wangu. Naandika hivyo waziwazi, namtaka, kitanda ni kipana mno bila yeye.

Dirishani nilimwona mwanangu. Alikuwa amemaliza pikipiki, sasa anafuta kofia yangu, ile ninayovaa nikipanda nyuma yake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimzaa huyo siku mbili mchana na usiku, na mkunga alikuwa ameshakata tamaa. Nimseme amekufa, kwa mdomo huu huu niliomwitia jina? Kwetu hilo si uongo mdogo. Ni kumchimbia mtu kaburi naye anatembea.

"Hapana," nilisema. "Iko muzima. Iko inje pale, njo amenileta na moto, pikipiki yake. Mukitaka, ninamuita sasa hivi."

Afisa alivaa miwani tena. Aliuliza ana miaka mingapi. Nikasema thelathini na mmoja. Akatazama karatasi nyingine, na sikumsubiri aulize. Nikasema ndiyo, sawa na mume wangu, mwanangu amemzidi miezi minne.

"Muambie vizuri," nilimwambia mkalimani, "usipunguze kitu. Kwa ule mutoto mi ni mama. Kwa ule bwana mi ni bibi. Hata siku moja sijawachanganya. Kama kuko mutu anachanganya, haiko mimi."

Alitafsiri yote. Nilijua kwa sababu afisa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika, akaandika sana.

Nilipotoka nilipanda nyuma yake mpaka Kabasha. Huko nilimpiga begani asimamishe. Nilishuka, nikavua kofia, nikamgombeza mbele ya mama wauza ndizi, mwanaume mzima mwenye watoto. Alikubali yote akiwa ameshika usukani.

"Mi njo nilikuwa naharibu dossier, mama," alisema. "Yeye na mimi, age moja. Nilisema heri nitoke mimi, weye ufike."

"Ufike wapi bila mutoto wa kwanza? Nikiulizwa mi ni mama nani, nitajibu nini?"

Alianza kulia, na mimi nikalia kwa hasira, na wale mama wakatupatia ndizi mbili. Tulizila tumesimama.

Jibu lilifika kwenye simu. Walikataa. Waliandika kwamba karatasi zangu hazilingani na maneno yangu, na kwa hilo sina la kuwalaumu, hazikulingana kweli. Nilimpigia mume wangu nikamweleza kila kitu, hadi lile swali na jibu langu. Akasema, "Ungesema amekufa, ningekuogopa." Baada ya hapo tuliongea habari za theluji.

Tuliomba tena. Mtaalamu wa visa aliniambia ninapoteza muda, nikamwambia muda ni wangu, ninao mwingi, ameshauhesabu mwenyewe. Nilikwenda commune pamoja na mwanangu. Karani alikuwa yule yule. Aliuliza nina watoto wangapi, nikasema wanne, akauliza wa kwanza ni nani, na nilimsukuma mwanangu mbele ya meza ili amwone vizuri wakati anaandika.

Safari hii faili ilitaka pia barua ya shahidi, mtu anayeijua ndoa yetu. Pasta alikuwa tayari. Mjomba mmoja pia, kwa kuwa mbuzi walimfaa. Lakini mwanangu aliomba kalamu, akakaa karibu na mashine yangu, akaandika bila kunionyesha. Nilisubiri aende kuosha mikono, nikasoma. Safari hii nilisoma kila neno.

Aliandika jina lake lote, lile la mwana wa kwanza. Aliandika tarehe yake ya kuzaliwa. Chini yake aliandika: "Bwana ya mama yangu ni mudogo kwangu. Sikumupenda. Alinifunga mguu wiki sita, hakuniambia nimuite papa. Sasa namuita papa bila kuambiwa. Mukiona hii age munaona makosa, muniulize mimi, niko inje."

Niliikunja, nikaiweka juu ya karatasi zote. Jibu la pili halijaja. Nashona, naitikia simu, nahesabu miaka yangu mbele za watu, na anayetaka kupunguza namwambia alete mkasi tuanze na ya kwake. Likija jibu, liwe zuri au baya, litanikuta na watoto wanne.